Falsafa Si ya Mapadri Peke Yao

Nawasalimu mlioko Mwimbi, Matai, Mwazye na Kasesya, na ninyi mlioko barabarani kati ya Laela na Sumbawanga, redio ya dereva ikiwa juu. Najua wengi mmeshasogea jikoni karibu na moto, maana baridi ya Ufipa msimu huu haina utani. Basi isogezeni na redio, tuzungumze.

Matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, nyumba nyingi huitisha kikao. Baba yupo, mama yupo, mjomba kapigiwa simu, na mtoto kashika simu yake akisoma orodha ya vyuo. Sheria, wanaelewa. Ualimu, wanaelewa. Uhasibu, wanaelewa vizuri sana. Halafu mtoto anasoma: Shahada ya Sanaa katika Falsafa. Kimya. Mzee anakohoa kidogo, kisha anauliza: "Falsafa? Kumbe unataka upadri?" Na kama aliyeshika simu ni binti, hata hilo swali la upadri haliulizwi. Anaulizwa tu: "Wewe? Ya nini?"

Leo nataka kulijibu swali hilo la mzee, na nitalijibu kwa heshima, kwa sababu ni swali zuri. Jibu langu ni hili, nami nitalirudia mbele ili lisipotee: falsafa si ngeni Ufipa. Watoto wa huku wameisoma kwa karibu miaka mia moja, na iliwafaa. Ila waliisoma kwa kupita mlango mmoja tu, mlango wa seminari, na mlango huo haukuwa wa kila mtu.

Tuanzie hapo hapo kwenye mlango.

Wamisionari wa Afrika, ambao wazee wetu waliwaita White Fathers, walifika Karema, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, mwaka 1885. Wakapanda huku juu, wakajenga misheni, na pamoja na misheni wakaleta shule za kuandaa mapadri. Sasa, mtu akitaka kuwa padri Mkatoliki hawezi kukurupuka na kuanza kusoma Biblia na theolojia. Sheria ya Kanisa inamtaka asome falsafa kwanza, kwa uchache miaka miwili kamili. Plato, Aristotle, Augustino, Thoma wa Akwino, mantiki, maadili, yote hayo kabla hajaifikia theolojia. Ndiyo maana kijana wa Ufipa aliyetoka seminari ndogo na kuendelea mbele, tangu enzi za seminari kuu ya Kipalapala kule Tabora iliyoanza mwaka 1925, alikuwa anasoma falsafa. Leo falsafa ya mapadri inasomwa Ntungamo kule Bukoba na Kibosho kule Moshi, kati ya sehemu nyingine.

Mnataka mfano? Mwazye ni jirani yetu. Mwaka 1944 alizaliwa pale Polycarp Pengo. Akapewa upadri mwaka 1971, akapelekwa Roma akasomea theolojia ya maadili hadi udaktari, akarudi kufundisha Kipalapala, akawa gombera wa seminari ya Segerea, na mwaka 1998 akafanywa kadinali. Mtoto wa Mwazye, wilaya hii hii ya Kalambo, taaluma aliyosomea ni kupima jema na baya kwa hoja. Kuna mtu aliyewahi kusema kwamba masomo yale hayakuwa na kazi?

Lakini nisiishie kwa kadinali, maana mtasema yule ni mmoja. Tuwaangalie walioacha. Kila tarafa ya Ufipa ina wazee waliowahi kuvaa kanzu ya useminari wakatoka. Wengine walifika falsafa, wengine hawakufika. Wakawa walimu, makarani, maafisa tarafa, mahakimu, madiwani. Ukimkuta mmoja kwenye kikao cha shule utamtambua: anasubiri wote wamalize kusema, kisha anauliza swali moja dogo na mjadala unageuka. Hata katika fasihi yetu ya Kiswahili wapo. Euphrase Kezilahabi wa Ukerewe, yule aliyeandika Rosa Mistika, alipitia seminari ya Nyegezi. Baadaye tasnifu yake ya udaktari kule Wisconsin, Marekani, mwaka 1985, ilihusu falsafa ya Kiafrika na namna ya kuifasiri fasihi. Wanaosoma riwaya zake za Nagona na Mzingile wanajua kichwa kinavyouma.

Kwa hiyo ninaposema falsafa iliwafaa watu wa huku, sizungumzi hewani. Nakubali, msikilizaji makini atanipinga: wale walipata pia Kiingereza, Kilatini, nidhamu ya kengele na chakula cha uhakika. Huwezi kujua ni falsafa iliyowajenga au ni kengele. Pingamizi hilo ni la haki, nami nalipokea. Ila angalia jambo lingine: katika miaka yote hiyo, nani hakuwa pale? Binti. Msichana wa Mwimbi mwenye akili ya kuuliza maswali alikuwa na njia nyingi za kuwa mwema, hata za kuwa mtawa na muuguzi, lakini darasa la mantiki halikuwa lake. Kaka yake alilipiwa na jimbo asome Aristotle. Yeye alibaki na swali lake jikoni.

Huo ndio mlango wa kwanza. Sasa upo wa pili. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinatoa shahada ya kwanza ya Falsafa na Maadili. Chuo cha Jordan, kule Morogoro, kilianza kama taasisi ya falsafa na theolojia ya watawa Wasalvatoriani, kikakua kikawa chuo cha watu wote. Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, Mwanza, nako falsafa ipo. Ni shahada ya miaka mitatu kama zilivyo nyingine za sanaa, na haiulizi kama una wito.

Nimeeleza ilivyokuja. Sasa mzee atauliza: wanafundishwa nini humo? Hebu twende darasani.

Mtaniwia radhi, nitatumia mfano unaotuuma. Sisi watu wa Sumbawanga tunajua tunavyotaniwa Tanzania nzima kwa uchawi. Ukisema unatoka Sumbawanga, mtu wa Dar anarudi nyuma hatua mbili na kuuliza kama umekuja na radi yako. Tunacheka. Haya, chukua hoja hii, ambayo mmeisikia kilabuni na kwenye foleni ya mashine ya kusaga. Kila mchawi hutajirika ghafla. Jirani ametajirika ghafla. Basi jirani ni mchawi.

Mwalimu wa mantiki anaiandika hoja hiyo ubaoni mistari mitatu, anageuka, anauliza: kuna kosa wapi? Darasa linawaka. Mmoja anasema uchawi haupo. Mwingine anasema upo, bibi yake aliuona. Mwalimu anawanyamazisha wote wawili: sijauliza kama uchawi upo. Nimeuliza kama mstari wa tatu unatoka katika ile miwili ya juu. Halafu anaandika nyingine pembeni: kila ng'ombe ana miguu minne, mbuzi ana miguu minne, basi mbuzi ni ng'ombe. Darasa linacheka, kicheko kinakatika katikati, kwa sababu wameona ni hoja ile ile. Hata kama kila mchawi angetajirika ghafla, hilo halisemi kwamba kila anayetajirika ghafla ni mchawi. Mtu anaweza kuuza maharage bei ikiwa nzuri. Anaweza kulipwa mafao yake. Anaweza, samahani, kuiba.

Mnaona kilichotokea? Anayeamini uchawi na asiyeamini wamekubaliana kuhusu kosa la hoja bila kukubaliana kuhusu uchawi wenyewe. Hilo si jambo dogo. Katika nchi hii tumewazika wazee, hasa bibi zetu, kwa hoja za mistari mitatu ambazo hakuna aliyesimama kuzikagua.

Twende hatua ya pili, maana mwalimu hajamaliza. Mganga anampa mtu dawa ya biashara. Biashara ikistawi, dawa imefanya kazi. Biashara ikifa, mwenye dawa alikiuka mwiko. Sasa niambieni, ni jambo gani lingeweza kutokea, hata moja, ambalo lingeonyesha kwamba dawa ile haifanyi kazi? Hakuna. Dawa haiwezi kushindwa. Karl Popper, mzaliwa wa Vienna, alijipatia jina katika karne ya 20 kwa kulishikilia swali la namna hiyo: dai lisiloweza kukutwa na kosa kwa tukio lolote lile, tulihesabu vipi? Na msidhani swali hili linawasumbua waganga tu. Mwanafunzi anafundishwa kuligeuza upande wa mwanasiasa anayesema mradi ukifaulu ni juhudi zake, ukikwama ni wananchi hawakujituma. Aligeuze upande wa mhubiri wa miujiza. Aligeuze upande wa mtangazaji wa redio pia, sina neno.

Kwa hiyo, kama mlivyoona, kazi ya kwanza ya shahada hii ni kukagua hoja. Kukagua hoja. Kazi ya pili ni ngumu zaidi: kukaa na swali ambalo watu wenye akili wamelijibu tofauti, bila kukimbilia jibu. Na hapo sina haja ya kwenda Ugiriki. Nitabaki hapa hapa Ufipa.

Wazee wanasimulia habari za Milanzi, na kila msimulizi ana tawi lake. Palikuwa na mfalme wa Milanzi, mwenye nchi. Siku moja akiwa mawindoni wakaja wanawake wageni. Nyumbani alikuwepo mkewe, naye akawapa wageni wale kiti cha mfalme. Mfalme aliporudi akakuta kiti kimekaliwa. Hakukuwa na vita. Walielewana: wageni wakachukua utawala wa nchi, yeye akabaki na Milanzi yake na heshima ya kimila. Watawala wa Nkansi na wa Lyangalile wakatokana na wageni wale. Mwingereza mmoja, Roy Willis, mwanaanthropolojia, aliishi na watu wa Ufipa mwanzoni mwa miaka ya 1960, akayachukua masimulizi haya kwa uzito. Kitabu chake cha mwaka 1981 juu ya dola ya Ufipa ya kale kimejengwa juu yake, na kabla ya hapo, mwaka 1978, alitoa kitabu kizima cha hadithi zinazosimuliwa na Wafipa.

Mwanahistoria atauliza: ilitokea lini, wageni walitoka wapi? Mwanafalsafa anauliza mengine. Yule mke alikuwa na mamlaka ya kutoa kiti? Kama hakuwa nayo, wageni walikipata kihalali? Kama hawakukipata kihalali, je, makubaliano ya baadaye yalihalalisha kilichoanza bila haki? Na vizazi vikishapita, uhalali unatoka wapi: kwa aliyetangulia, au kwa aliyetawala vizuri? Mfalme aliyebaki na heshima bila nguvu, na wageni waliopata nguvu bila kutangulia, nani mwenye nchi?

Mkidhani ni maswali ya kupitisha jioni, nendeni kwenye baraza la kata siku ya shauri la shamba. Wote mnajua ntumba, yale matuta yetu ya kufukia majani yaoze, msimu unaofuata uyasambaze. Chukueni kesi hii. Shamba limelala. Mwenyewe yuko Mbeya, hajaonekana kwa muda mrefu. Jirani analima ntumba, udongo unarudi, mahindi yanasimama. Mwenyewe anarudi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ina maneno yake, na wanasheria watayasema. Lakini kabla ya sheria kuna swali: jasho linampa mtu haki juu ya udongo? Mwingereza John Locke, katika karne ya 17, alitetea kwamba ndiyo, anayechanganya kazi yake na ardhi isiyo ya mtu anaifanya yake. Mzee wa Mwimbi atamjibu Locke: ardhi isiyo ya mtu umeiona wapi? Ya ukoo hiyo, na mizimu imo. Nani amepatia? Mwanafunzi wa falsafa anatakiwa aandike kurasa kumi akimtetea Locke vizuri kiasi kwamba Locke mwenyewe angeridhika, kisha kurasa kumi akimtetea mzee. Wengi wanaweza moja tu.

Na hapa nawaletea habari ya jirani yetu Mkenya, Henry Odera Oruka, aliyekuwa profesa Chuo Kikuu cha Nairobi hadi alipofariki mwaka 1995. Alichoshwa na watu wa Ulaya waliosema Mwafrika ana mila, hana falsafa. Alichoshwa pia na waliomtetea Mwafrika kwa kusema kabila zima lina falsafa moja, kama vile hakuna anayempinga mwenzake kijijini. Padri Placide Tempels, Mbelgiji aliyeishi Katanga, ng'ambo ya ziwa letu, alikuwa ametoa mwaka 1945 kitabu chake juu ya falsafa ya Wabantu. Padri Alexis Kagame wa Rwanda akafuata mwaka 1956, akiichambua lugha ya Kinyarwanda. Oruka akaona kuna pengo. Akaenda vijijini na wenzake kuwahoji wazee: Mungu yupo? Umejuaje? Mwanamume na mwanamke ni sawa? Sheria ikiwa mbaya mtu afanyeje?

Akagundua wazee ni wa aina mbili. Wapo wanaojua mila yote na kuieleza bila kukosea, lakini ukiwauliza kwa nini, jibu ni kwamba ndivyo tulivyokuta. Na wapo wachache wanaojua mila yote na bado wanaikosoa: hapa mababu walikosea, na sababu ni hii na hii. Hao wa pili Oruka aliwaita wanafalsafa, wawe wamesoma au hawakusoma. Kitabu chake juu ya hekima hiyo ya wazee kilitoka mwaka 1990.

Mimi nawaza: nani amewahi kufanya kazi hiyo Mwimbi? Willis alikusanya hadithi. Lakini nani amekaa na bibi wa Mwazye akamuuliza kwa nini, na akishajibu, akamuuliza tena kwa nini? Kazi hiyo inahitaji mtu anayejua Kifipa cha nyumbani na mantiki ya darasani. Nasema wazi, ningetamani awe binti, kwa sababu kuna mambo bibi hatamwambia mvulana.

Nimesifu vya kutosha. Sasa tugeukie upande wa pili, maana nisipousema nitakuwa nimewapunja.

Nyuma ya swali la mzee lipo swali la kazi. Hakuna tangazo la ajira serikalini linalosema anatakiwa Mwanafalsafa Daraja la Pili. Matangazo hutaja shahada kwa majina, na falsafa haitajwi mara nyingi. Kufundisha? Sekondari zetu hazina somo la falsafa. Mtaala mpya umeleta Historia ya Tanzania na Maadili, na jina la maadili limo, lakini shule inatafuta mwalimu wa historia. Kwa hiyo aliyesoma falsafa peke yake anaingia sokoni bila lebo. Atapita njia za pembeni: uandishi wa habari, mashirika ya kijamii, utawala, vyuo, kazi za sera, au ataongeza sheria au masomo ya juu. Kuna eneo linalokua la maadili ya tiba na ya utafiti. Chuo Kikuu cha Muhimbili kinalifundisha. Linakua, lakini halijawa pana kiasi cha kumwambia mzazi alale usingizi.

Kisha mkopo. Bodi ya Mikopo huangalia hali ya familia na huangalia kozi pia, na kozi za sayansi na tiba ndizo zinazotangulizwa. Akiupata, akiajiriwa atakatwa asilimia 15 ya mshahara wake hadi deni liishe. Kwa familia inayosubiri NFRA, wakala wa hifadhi ya chakula, inunue mahindi ndipo ilipe ada, hesabu hiyo lazima ikae mezani kabla ya Plato.

Kisha lugha. Masomo haya ni ya Kiingereza, na ni Kiingereza kigumu, cha sentensi zisizo na haraka. Kijana aliyekariri insha za kidato cha sita akidhani atakariri na falsafa atashangaa muhula wa kwanza. Maelezo ya wanafalsafa aliyoyakariri kutoka pepa za zamani za chuo hayampi alama. Anaulizwa yeye anakubali au anakataa, na kwa nini.

La mwisho upande huu, linalosemwa kwa sauti ya chini: falsafa itamtoa mtoto wangu kanisani. Au msikitini. Au atarudi nyumbani akibishana na kila mtu mezani. La kubishana, kweli, kwa mwaka mmoja hivi jiandaeni, ni kama mtoto aliyepewa manati. La imani, nawakumbusha tu kwamba Kanisa lenyewe ndilo linalowaamuru mapadri wake waisome kwanza. Na watu wa Mombasa, kwa masheikh na washairi wao, wamekuwa wakijadili utu na wajibu kwa hoja ndani ya Uislamu wao. Mjerumani Kai Kresse aliandika kitabu juu yao mwaka 2007 akiwaita wanafalsafa bila kusita.

Kuna mtu mmoja nimemhifadhi. Mwalimu Nyerere alisoma Edinburgh, kule Scotland, kuanzia mwaka 1949 hadi 1952. Shahada aliyotoka nayo kule huitwa M.A., lakini kwa utaratibu wa Scotland ni shahada ya kwanza, sawa na hii tunayoizungumzia leo. Falsafa ya maadili ilikuwa mojawapo ya masomo yake. Na kabla hajaenda, akiwa kijana Makerere, alimsoma John Stuart Mill juu ya kutiishwa kwa wanawake, akaandika insha yake mwenyewe akilitazama jambo hilo kwa macho ya kijijini kwao, akamwangalia mama yake na wake wengine wa baba yake kule Butiama. Kijana wa kiume, chuo cha ukoloni, Vita Kuu ya Pili ikiendelea, anaandika kwamba wanawake wamenyimwa uhuru. Haikuwa kozi ya kutafuta ajira. Ilikuwa ni kusoma kitabu cha Mwingereza na kuuliza: na kwetu je?

Ndiyo maana nimeng'ang'ana na yule binti aliyeshika simu kikaoni. Mlango wa kwanza haukumpokea mama yake wala bibi yake. Huu wa pili unampokea, ila unamtoza: mkopo, lugha, na soko lisilo na lebo. Kaka yake wa zamani hakutozwa hivyo. Mzazi akimwambia asiende, amwambie kwa sababu hizo, zinazohesabika. Asimwambie kwamba falsafa ni ya mapadri.

Na wewe binti, au wewe kijana, ukiamua kuomba, usiombe kwa kupenda jina. Dirisha la udahili likiwa wazi, piga simu chuoni uulize mambo ya kawaida kabisa. Kozi inaweza kuchanganywa na somo lingine, kama lugha, historia au sayansi ya siasa? Ikichanganywa, utatoka na kitu cha kumwonyesha mwajiri. Walimu wa kudumu wa falsafa ni wangapi? Waliomaliza miaka mitatu iliyopita wako wapi leo, na chuo kinajua au hakijui? Wakikujibu hakijui, hilo nalo ni jibu. Maktaba ina vitabu vya waandishi wa Kiafrika, au falsafa inaishia Ujerumani? Na tasnifu ya mwaka wa mwisho, unaruhusiwa kufanyia utafiti nyumbani kwenu? Kwa sababu ukiruhusiwa, kuna wazee wa Milanzi na Mwimbi ambao hawatatusubiri sana.

Muda wangu umekwisha, fundi mitambo ananionyesha saa. Wiki ijayo, muda kama huu, mwenzangu atakuwa nanyi kuzungumzia mbegu za alizeti na bei yake.